Maji Baridi ya Chini

Octave Massart alipovunjika nyonga, hakumwita padri wala binti yake aliyeolewa Duluth. Alimwita mdogo wake Norbert, ambaye alikuwa hajamsemesha kwa miaka kumi na moja.

Watu wa kijiji chetu cha Namur walipopata habari hawakuamini masikio yao. Ndugu hao nyumba zao zinatazamana, katikati kuna shamba moja tu la mahindi, lakini kanisani mmoja alikaa kulia na mwenziwe kushoto. Siku ya Ijumaa, pale baa ambako kila mwenye meno huenda kula sangara wa kukaanga, Octave akiona gari la Norbert nje alikuwa anageuza lake na kurudi nyumbani kula mayai. Mtu kuacha sangara wa Ijumaa kwa sababu ya kinyongo! Kwetu kule Wisconsin, afadhali uache misa.

Na kinyongo chenyewe kilikuwa na sababu. Baba yao alipofariki aliwaachia ng'ombe wa maziwa, wakawakamua pamoja miaka na miaka. Kisha Octave akaenda Duluth wiki tatu kumwona mjukuu. Aliporudi alikuta banda tupu, hata mkia wa ndama hakuna. Norbert alikuwa amechoka kukamua, mnunuzi akatokea, akauza. Kumwambia kaka yake aliogopa, akangoja Octave ajionee mwenyewe. Octave alisimama ndani ya lile banda kama nusu saa hivi, akatoka, akavuka shamba, akafunga mlango wake. Mwaka uliofuata alichimba bwawa nyuma ya nyumba akaanza kufuga sangara wa manjano.

Usinielewe vibaya nikisema sangara. Si lile jitu la Ziwa Viktoria linalobebwa na watu wawili. Huyu ni kisamaki cha kiganja na nusu, ubavu wa manjano, michirizi myeusi sita saba, mapezi ya chini rangi ya chungwa. Mdogo, lakini ukimkaanga kwa siagi utasahau jina la mkeo.

Basi Norbert, mwenye umri wa miaka sitini na sita, aliingia wodini ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Octave alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, uso umekonda.

"Bado unanuka maziwa," Octave alisema.

"Kaka, sijagusa ng'ombe miaka kumi na moja."

"Basi hujaoga miaka kumi na moja. Kaa chini."

Norbert akakaa. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kukohoa.

"Sikukuita uje kunililia," Octave aliendelea. "Nimekuita kwa ajili ya samaki. Mota yangu ya kupulizia hewa bwawani iliungua tangu Mei. Nimeagiza nyingine, itakuja wakati wowote. Ikija, iache ndani ya boksi lake mpaka nirudi. Umesikia? Usiifunge. Chakula wape kidogo tu, alfajiri, kabla jua halijachoma. Joto likizidi usiwape kabisa, samaki hafi kwa njaa ya wiki mbili. Halafu chukua mpira wa kisimani, unyunyize maji juu ya bwawa asubuhi na jioni. Basi. Usifanye kingine chochote."

"Kwa nini nisiifunge mota? Mimi naweza, si kazi ngumu."

"Kwa sababu nimesema, Norbert."

"Sawa, kaka. Lakini sababu yenyewe..."

"Loo! Tangu mdogo wewe, kwa nini, kwa nini. Mama alikuwa anakutia mkate mdomoni ndiyo unyamaze." Octave akageuza uso dirishani. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. Norbert aliliona hilo, akadhani ni homa.

Siku ile aliporudi nyumbani, mkewe Leona alimkuta jikoni amesimama tu, anatabasamu mbele ya friji.

"Amesemaje?"

"Amenipa samaki wake niwatunze. Mimi, Leona! Angeweza kumpa Wilmer hapo ng'ambo ya barabara. Amenipa mimi."

"Basi na wewe kwa mara moja maishani mwako fanya kama ulivyoambiwa," Leona alisema. Alimpenda mumewe, lakini miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imempa ulimi wa kunyolea ndevu.

Mwaka ule ulikuwa 1988, na wanaoukumbuka bado wanatikisa kichwa. Mvua ilikatika Mei. Mahindi yalijikunja majani kama sigara. Ilipofika katikati ya Julai joto lilipita nyuzi mia kwa kipimo chetu cha Farenhaiti, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Kuku walitembea midomo wazi. Norbert alinyunyiza maji asubuhi na jioni, akapunguza chakula, akafuata kila neno. Alikuwa na kipimajoto cha Octave kilichofungwa kwenye kamba, akakishusha majini kila siku. Juu, maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Akikishusha chini kabisa, mita nne, kilirudi kinasoma baridi ya kisima.

Hilo ndilo lililomwingia kichwani. Baridi yote hiyo imelala chini bure, na samaki juu wanachemka!

Sasa, ni lazima umjue mtu wa maziwa. Mtu wa maziwa analo tangi la chuma, na ndani ya tangi kuna pangaboi linalokoroga mchana na usiku. Maziwa yasipokorogwa, ya juu yanakuwa na joto na ya chini yanaganda, na asubuhi lori linakuja, dereva ananusa, anakwambia yamwage. Norbert alikoroga maziwa miaka thelathini na tano. Kwake yeye kitu chochote kilicho na joto juu na baridi chini kilikuwa kitu kisichokorogwa, na dawa yake ilikuwa moja.

Mota ikaja siku ya Jumatatu. Jumatano alfajiri, alipokwenda kunyunyiza, alikuta sangara wamejaa juu ya maji, mamia yao, wanafungua na kufunga midomo wanatafuta pumzi. Hata Bi Mkubwa alikuwepo, yule jike mzee mnene ambaye Octave alikuwa anamlisha kwa mkono penye gati la mbao. Alikuwa amelala ubavu kidogo, pezi linatetemeka. Norbert akautupa mpira wa maji. Akakimbia nyumbani.

"Wanakufa, Leona!"

"Mpigie kaka yako simu."

"Nimpigie mgonjwa nimwambie samaki wake wanakufa? Unataka kumuua na yeye?"

"Nataka umuulize. Ana mdomo, una mdomo, simu ile pale."

Norbert aliitazama simu. Angeuinua ule mkono wa simu tu! Lakini alijiona tayari, wiki kadhaa mbele, amesimama gatini pamoja na Octave, mota inanguruma vizuri, maji safi, samaki wanaruka, na Octave anasema, haya, kumbe mdogo wangu una akili. Miaka kumi na moja alikuwa ameisubiri sentensi hiyo. Akachukua spana, akaenda kulifungua boksi.

Aliifunga mota vizuri, hilo hatumnyimi. Mpira wake wa hewa akaushusha mpaka sehemu ya kina kabisa, akaunganisha, akabonyeza swichi saa tatu asubuhi. Mapovu yakapanda. Baada ya dakika chache maji ya juu yakaanza kuzunguka, na aliposhusha mkono aliona ubaridi unakuja. Akafurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akaiacha inakwenda, akapanda trekta kwenda kukata majani ya Wilmer, maana alikuwa amemwahidi.

Aliporudi saa kumi jioni alilipata bwawa kwa pua kabla ya macho. Lilinuka mayai viza. Maji yalikuwa meusi kama kahawa ya jana, na juu yake manjano matupu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Wote matumbo juu. Wadogo, wakubwa, Bi Mkubwa akiwa kando ya gati, mdomo wazi. Mota ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Norbert aliizima. Akakaa pale kwenye mbao, miguu inaning'inia, akalia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na sita. Leona ndiye aliyekuja kumwinua.

Mtu wa kwanza kumpigia simu, maskini, hakuwa kaka yake. Alimpigia mfuga samaki mmoja aliyekuwa anauza vifaranga upande wa magharibi, akamweleza habari kana kwamba ni ya rafiki.

"Ah, huyo rafiki yako kawasha mota wakati wa joto," yule bwana alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeisikia habari hiyo mara nyingi. "Maji ya chini hayana hewa hata chembe, bwana. Majani yanaoza kule, gesi mbaya imejaa. Ukiyapandisha yote kwa mpigo umewafunika samaki na blanketi la sumu. Mota huwashwa majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi. Ukichelewa, basi robo saa siku ya kwanza, nusu saa siku ya pili, unaongeza pole pole. Rafiki yako hakuambiwa?"

"Aliambiwa aiache ndani ya boksi."

"Basi aliambiwa."

"Nahitaji wengine," Norbert alisema. "Idadi ileile. Wiki hii."

"Kwa joto hili? Watakufia ndani ya lori. Nipigie Oktoba."

Oktoba. Norbert akahesabu kwa vidole. Octave angerudi katikati ya Agosti. Akaamua kwamba atanyamaza mpaka Oktoba, atie wengine, na baada ya hapo, siku nzuri, atamwambia.

"Utamwambia baada ya kutia wengine?" Leona aliuliza. "Au ukishatia wengine utasema, ya nini kumwambia?"

"Ni mgonjwa, Leona."

"Kavunjika nyonga, hajavunjika kichwa."

Samaki aliwazika shambani, kwenye mahindi, kwa trekta, na harufu ilikaa siku nne. Wilmer Destrée wa ng'ambo ya barabara alikuja amejifunga leso puani, akauliza ni ng'ombe wa nani kafa. Wilmer hana ubaya, ni mtu wa kucheka na kupiga soga na kila mtu, na ndiyo maana Norbert alimwambia ni kulungu.

Baada ya hapo zikaja zile Jumanne na Jumamosi za hospitali, na hizo, ukimuuliza Norbert leo, ndizo zinazomuuma kuliko samaki wenyewe, kwa sababu zilikuwa tamu. Octave alikuwa amefunguka. Walikumbushana jinsi mama alivyokuwa anaoka mkate katika tanuri la nje na kuwafukuza kwa koleo. Walibishana ni nani aliyeangusha keki ya plamu ya padri siku ya sikukuu ya mavuno, kila mmoja akimsukumia mwenziwe. Walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Na kila mara, kabla Norbert hajavaa kofia, swali lilikuja.

"Wanaendeleaje?"

"Wanakula kama wageni wa harusi."

"Na Bi Mkubwa?"

"Jana alinirushia maji usoni, mshenzi yule."

Octave alicheka akashika nyonga kwa maumivu. "Ndivyo alivyo! Hapendi mtu asiyemjua. Atakuzoea."

Norbert alitoka nje, akakaa ndani ya gari na madirisha yamefungwa katika joto lile, mpaka shati likamganda mgongoni. Kila alipokwenda alisema, leo namwambia. Kila alipofika, Octave alikuwa amenyolewa ndevu, anamsubiri, macho mlangoni. Atasemaje? Mtu amepewa kaka yake upya halafu yeye mwenyewe amrudishe? Hivyo uongo ukanona wiki hadi wiki, na Norbert akawa fundi wake. Aliwapa samaki waliokufa hamu ya chakula, ugomvi, hata mapenzi.

Octave alirudi nyumbani tarehe kumi na saba Agosti, na mkongojo wa miguu minne. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja, hatua moja, pumzi mbili, Norbert akimfuata nyuma ameshika mkoba wa nguo. Walifika gatini. Mota ilikuwa inanguruma, mapovu yanapanda katikati. Octave aliitazama.

"Umeifunga."

"Nilianza pole pole, kaka. Robo saa siku ya kwanza, halafu nusu saa." Yalimtoka kwa wepesi, maneno ya yule mfuga samaki.

"Robo saa, halafu nusu saa," Octave alirudia. "Umesoma."

Akachukua konzi ya chakula ndani ya ndoo, akakirusha. Punje zilielea, zikasambaa, zikalowa. Hakuna aliyezifuata. Kereng'ende mmoja alitua juu ya punje akaondoka.

"Joto," Norbert alisema. "Wamekaa chini kwenye baridi. Watapanda jua likipungua."

Octave aliegemeza mikono yote miwili juu ya mkongojo, akautazama ukingo wa maji. Kisha akamgeukia mdogo wake akamtazama usoni, na Norbert anasema hakuwahi kutazamwa hivyo, kwa upole kiasi kile.

"Mdogo wangu," Octave alisema, "Ijumaa nataka kula sangara wangu. Sita wananitosha. Utanikamatia?"

Hapo, jamani. Hapo ndipo pa kusema. Mtu anakuuliza kwa sauti ya chini, hakuna shahidi, hakuna haraka, jua linashuka. Neno moja tu.

"Nitakukamatia, kaka," Norbert alisema.

Ijumaa asubuhi aliendesha gari mpaka Algoma, kwenye duka la samaki kando ya ziwa, akanunua sangara sita. Leona aliwapokea jikoni bila kumtazama.

"Nitakaanga," alisema, "kwa sababu mgonjwa anataka kula. Lakini uongo wako usinitie mdomoni. Akiniuliza, nitajibu."

"Hatakuuliza."

"Yesu na Maria, Norbert, mwambie! Bado kuna saa nzima. Vuka shamba hili hapa ukamwambie!"

Norbert alisimama mlangoni kidogo. Alilitazama shamba. Kisha akasema mafuta yanaungua.

Saa sita waliketi watatu mezani kwa Octave. Kulikuwa na chapati za viazi, kabichi ya siki, vitunguu vibichi, mkate mweusi wenye siagi, na sangara sita wa dhahabu. Octave alisali. Akachukua samaki, akamgawa kwa uma, akala polepole, kipande kwa kipande, kama anayesoma barua. Akammaliza. Akafuta mdomo.

"Ni mtamu," alisema.

Norbert akashusha pumzi.

"Ni mtamu mno. Shemeji, hukukosea kitu, mkono wako ni uleule." Akaweka uma chini. "Norbert, bwawa langu lina miaka kumi. Kuanzia Julai mpaka baridi ya kwanza sijawahi kumla samaki wa bwawa lile hata siku moja. Wakati wa joto wanaonja tope, paka wangu mwenyewe alikuwa anawakataa. Huyu ni wa ziwani."

Leona aliinamisha kichwa. Norbert alifungua mdomo, na safari hii ule ufundi wake wote haukuja.

"Walikufa wote?" Octave aliuliza.

"Wote."

"Lini?"

"Julai. Jumatano moja. Niliona wanahema juu, na maji ya baridi yako chini, nikadhani nikiyakoroga..."

"Kama maziwa," Octave alisema.

"Kama maziwa."

"Nilijua siku ile pale gatini. Ukingo wote ulikuwa na utando mweusi. Nikajua kwa sababu nimewahi kuuona." Sauti ya Octave ilikuwa ya kawaida kabisa, na Norbert angetoa chochote ili kaka yake apandishe ukali. "Mwaka wa kwanza wa bwawa, Julai, niliifunga mota mchana, nikaiwasha yote. Na mimi ni mtu wa maziwa, bwana. Niliwaua kila mmoja. Nikawazika kwenye mahindi. Marehemu mke wangu Marie peke yake ndiye aliyejua, naye kaenda na siri hiyo kaburini. Kule wodini uliponiuliza sababu, ilikuwa nikwambie hilo. Nikaona aibu. Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele ya shemeji."

"Kaka..."

"Ungekuja ile Alhamisi ukaniambia, Octave, nimewaua wote, ningekuuliza uliwasha saa ngapi. Ungesema saa tatu. Mimi ningesema, mjinga, mimi niliwasha saa nne. Tungecheka mpaka plasta ipasuke." Alisukuma sahani mbele. "Samaki wanapatikana, Norbert. Oktoba wanakuja na lori. Ulikuwa na wiki tano za hospitali, nikakupa gati, nikakupa na Ijumaa. Wewe umekwenda mpaka Algoma."

Norbert alisema samahani. Alisema mara nyingi, akalia tena, akashika ukingo wa meza. Octave alimngoja amalize, kisha akamwomba Leona kahawa.

Afadhali angemfukuza. Norbert alingoja mlango ufungwe kama ile mara ya kwanza, na mlango haukufungwa. Akibisha hodi anakaribishwa. Anawekewa kahawa katika kikombe kizuri, anaulizwa hali ya mahindi, anaulizwa magoti yake. Kanisani sasa wanakaa benchi moja, na Ijumaa wanakula sangara baa moja, na watu wa Namur wanasema, tazama, ndugu wamepatana. Octave ana adabu naye. Hamwambii tena kwamba ananuka maziwa. Hamwombi hata kusogeza kiti. Oktoba lori lilipokuja na samaki wapya, Norbert aliliona kutoka dirishani kwake, na alipofika mbio walikuwa wameshamiminwa.

Kiangazi kilichofuata Octave alirudi hospitali, nyonga ya pili. Norbert alimpeleka mwenyewe kwa gari, mwendo wa saa nzima, wakizungumza habari za mvua. Alingoja. Alingoja njiani, alingoja kwenye mapokezi, akaubeba mkoba mpaka kitandani, akasimama pale. Octave alimshukuru kwa kusumbuka.

Kesho yake asubuhi Norbert alikuwa anakata majani kando ya barabara, akaona pikapu ya Wilmer inaingia kwenye njia ya Octave, na ndoo ya chakula cha samaki nyuma. Wilmer alipomwona alisimama, akatoa kichwa dirishani, uso wote meno.

"Octave kaniachia bwawa!" alipaza sauti kushinda trekta. "Kanifundisha kila kitu, kwa saa mbili nzima! Na kumbe, unajua? Mwaka wa kwanza mwenyewe aliwaua wote, kawasha mota katikati ya Julai! Alinisimulia jana kwa simu, tumecheka mpaka nikaanguka kitini. Alishawahi kukusimulia?"

"Alishanisimulia," Norbert alisema.

"Anachekesha kaka yako, bwana!"

Norbert akakubali kwamba anachekesha. Wilmer akapiga honi, akaendelea kwenda bwawani, na Norbert akabaki juu ya trekta na injini inawaka, amesahau alikuwa anakata kuelekea upande gani.